Kibodi ya Kiswahili kwenye simu ya kugusa: shajara ya mradi

9 Februari

Lengo la mradi: mtu aandike Kiswahili kwenye kioo cha simu bila kugombana na msahihishaji. Sianzi kibodi mpya kutoka sifuri. Najenga juu ya HeliBoard, kibodi huria iliyotokana na OpenBoard, ambayo nayo ilitokana na kibodi ya msingi ya Android, ile ya AOSP. Nimeichagua kwa kuwa inakubali kamusi inayoletwa na mtumiaji mwenyewe, na haiombi ruhusa ya intaneti. Kibodi inaona nywila, namba za siri, madeni na mapenzi ya watu. Bora iwe moja ambayo haina mlango wa kutokea.

Hali tunayoanzia wengi wanaijua. Simu imewekwa Kiingereza, unaandika "wewe" inakuwa "were", "nini" inakuwa "mini", "moja" inakuwa "mojo". Karibu kila niliyemuuliza amezima usahihishaji kabisa, na simlaumu. Ila hasara ipo. Chukua kioo chenye upana wa milimita 65 na safu ya vitufe kumi: kila kitufe kinapata milimita 6.5. Mwongozo wa Android unataka kitu cha kuguswa kiwe na dp 48, yaani kama milimita 9. Kibodi imeruhusiwa kuwa ndogo hivyo kwa sababu nyuma yake kuna programu inayokisia: kidole kimeangukia wapi, na neno gani lina uwezekano mkubwa wa kuwa ndilo lililokusudiwa. Ukizima usahihishaji umebaki na vitufe vidogo bila mkisiaji wake.

16 Februari

Nimepitia yaliyomo tayari. Kwenye AOSP kuna mpangilio wa "sw", yaani wa Kiswahili, na aliyeuandaa alitufikiria kidogo: ukishikilia g, unaletewa g' kwa ajili ya ng'ombe na ng'ambo. Watumiaji niliowaonyesha hawakuwahi kujua. Kitu kilichofichwa chini ya kushikilia kitufe hakipo mpaka mtu akuonyeshe.

Muundo wa kamusi si mgumu. Ni faili la maandishi, kila mstari una neno na uzito wake kati ya 0 na 255, kisha linakandamizwa kuwa faili la .dict. Neno linaweza kupewa alama ya kuwa huenda ni la matusi, ili lisipendekezwe. Kazi yote iko katika kupata maneno na uzito wake.

2 Machi

Nimeanza na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na yenye leseni inayoniruhusu. Nikahesabu maneno, nikapanga, nikaweka kamusi ya kwanza kwenye simu yangu.

Matokeo yanachekesha. Ukiandika "po", pendekezo la kwanza ni "postikodi". Ukiandika "wap", unaletewa "wapatao". Sababu ni makala fupi za kata za Tanzania, zilizoandikwa kwa kiolezo kimoja: jina la kata, wilaya, mkoa, postikodi namba fulani, wakazi wapatao kadhaa kwa mujibu wa sensa. Makala hizo zina faida yake, lakini hakuna anayemwandikia mchumba wake hivyo. Kwa upande mwingine, "pole", "basi", "jamani", "nipigie" na "umeshakula" viko chini kabisa au havipo.

Nimeondoa makala zinazofuata kiolezo. Nikaongeza sentensi za Kiswahili kutoka Common Voice ya Mozilla, ambazo zimewekwa huru kwa CC0, leseni inayomruhusu yeyote azitumie bila masharti, na ziko karibu zaidi na mazungumzo. Meseji za watu sitazikusanya, hata za ndugu wanaosema "chukua tu". Aliyetuma ameridhia, aliyemwandikia hajaulizwa.

11 Machi

Leo nimekaa na hesabu badala ya msimbo.

Chukua kitenzi kimoja, piga. Nafsi ni sita: ni, u, a, tu, m, wa. Njeo nichukue nne tu: na, li, ta, me. Mtendwa anaweza asiwepo, au awe mmoja wa nafsi sita, kwa hiyo saba. 6 × 4 × 7 ni 168. Sasa ongeza mashina: piga, pigia, pigwa, pigiwa, pigana, pigisha. Inafika 1,008 kwenye karatasi. Baadhi hayasemeki, hakuna anayesema "ninanipiga" wakati -ji- ipo, lakini pia sijagusa ukanushi, wala nge na ngali, wala virejeshi kama "aliyekupigia" na "waliotupigia", wala ngeli nyingine zote ambazo nazo hupiga na kupigwa. Kitenzi kimoja hicho.

Orodha ya maneno ya Kiingereza inaweza kukaribia kutosha. Yangu haitatosha kamwe, hata nikipata maandishi mara mia. "Hatujakuandikia" ni neno sahihi ambalo mtoto wa darasa la pili analielewa, na huenda halimo popote katika nilichokusanya. Msahihishaji anapokutana nalo anaona neno asilolijua, anatafuta lililo karibu, unapobonyeza nafasi analibadilisha.

Kwa hiyo mradi umegeuka. Orodha inabaki kwa nomino, majina, vielezi na vitenzi vya kawaida. Juu yake naandika kichambuzi kidogo chenye kazi moja: kuangalia kama neno linaweza kuwa la Kiswahili. Likipita, msahihishaji ananyamaza. Si jambo jipya. Arvi Hurskainen wa Helsinki alitengeneza SWATWOL, kichambuzi cha maumbo ya maneno ya Kiswahili, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kutumia mbinu ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983. Changu hakihitaji hata robo ya elimu ile. Hakielezi neno, kinatikisa kichwa tu, ndiyo au hapana.

24 Machi

Kichambuzi kinafanya kazi ndani ya simu, na ni chepesi. Nimekiruhusu kitu ambacho wanasarufi watanikemea: viambishi vya Kiswahili vikifuatwa na shina lisilojulikana, neno linapita. "Nimeisevu", "ameniblok", "tutazoom". Ndivyo watu wanavyoandika, na kichwa cha neno kinatosha kuonyesha kuwa mwandishi yuko ndani ya Kiswahili. Kibodi isiyojua neno ikae kimya. Hii ndiyo kanuni ninayoipa kipaumbele juu ya nyingine zote katika mradi, hata kama itaruhusu makosa kadhaa yapite.

5 Aprili

Nimempa simu ya majaribio mwalimu wangu wa zamani, sasa mstaafu, Tanga. Kanipigia jioni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hiki kidude chako kimeniruhusu niandike 'rakini'. Kwa nini hakikunichapa?"

Alikuwa amekusudia, mtihani. Nikamweleza kuwa kibodi inasahihisha kwa kuangalia vitufe jirani, na r na l ziko mbali sana: r upande wa juu kushoto, l ukingoni kulia. Kidole hakitelezi umbali huo. Anayeandika "rakini" kaandika anavyotamka, na "apa" kwa hapa na "uyo" kwa huyo ni vivyo hivyo. Ni makosa ya sikio, si ya kidole.

"Basi ndiyo yanayohitaji kurekebishwa zaidi," akasema.

Hatukukubaliana. Nimefanya nusu ya alichotaka: "lakini" inaonekana kwenye mstari wa mapendekezo, anayeitaka aiguse. Haibadiliki yenyewe. Yeye anaona huo ni woga. Mimi naona simu ya mtu si daftari la insha.

19 Aprili

Alama ya ng'. Nilidhani ni kazi ya saa moja.

Kuna alama tatu zinazofanana machoni. Ya kwanza ni ya taipureta, iliyonyooka, U+0027 kwa namba za Unicode, orodha ya herufi za kompyuta. Ya pili imepinda, U+2019, ambayo programu nyingi huiweka zenyewe. iPhone wanafanya hivyo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Ya tatu ni U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi kamili, na kinadharia ndiyo ingefaa zaidi kwa ng', ila hakuna anayeiandika. Kwa kompyuta, ng'ombe wa alama ya kwanza na ng’ombe wa alama ya pili ni wanyama wawili tofauti. Kamusi yangu ilikuwa na wote, kila mmoja na uzito wake uliogawanyika. Nimeunganisha, na neno linatoka na alama iliyonyooka.

Kunyooka huko kuna faida ya fedha pia. Meseji ya kawaida, si ya WhatsApp, inabeba herufi 160 ikiwa zote zimo katika alfabeti ya GSM. Alama iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, na simu isiigeuze, meseji nzima inahamia mfumo mwingine na kikomo kinashuka hadi 70, na ikigawanywa kila kipande kinabeba 67. Maneno ya herufi 150 yaliyokuwa meseji moja yanakuwa tatu. Kwa ajili ya ng’ombe mmoja.

Wengi hukwepa kwa kuandika "ngombe", kwa kuwa alama iko ukurasa wa pili wa kibodi. Hapa nimeruhusu kubadilisha moja kwa moja pale tu ambapo neno bila alama halina maana nyingine: ngombe, ngambo, kungangania. Lile la mwisho lina alama mbili, kung'ang'ania, na sijaona mtu akilimalizia kwa vidole bila kutukana kidogo.

3 Mei

Wiki ya m na n. Zinapakana, na hakuna majirani wabaya zaidi kwa lugha yetu.

Tuanze na linalojulikana. "Kuna", n ikiteleza hatua moja kulia, inakuwa tusi ambalo kila msomaji ameshaliona mahali lisipotakiwa: kikundi cha harusi, tangazo la kanisa, meseji kwa mkwe. Nimeliwekea alama ya tusi ili lisipendekezwe, na likiandikwa linageuzwa "kuna". Anayelitaka kweli atalifuta na kuliandika tena, mara ya pili haliguswi. Tabibu mmoja aliniuliza kama maneno ya mwili yote nimeyafunga. Hapana. Uke, uume, hedhi na kondomu yamo na yanapendekezwa kama mengine, kwa sababu watu wanauliza habari za afya kwa simu hizi hizi.

Gumu zaidi ni lisilochekesha. "Ntakuja", kwa haraka ya kawaida, ni mimi nitakayekuja. "Mtakuja" ni ninyi. "Nnaenda" na "mnaenda" vivyo hivyo. Yote sahihi, yote yamo, na kidole kimeamua nani asafiri. Hakuna kamusi itakayotatua hilo. Nimefunga usahihishaji kabisa kati ya n na m mwanzoni mwa kitenzi, na kibodi inaonyesha umbo la pili kwenye mstari wa mapendekezo, pamoja na "nitakuja" kwa urefu wake.

Upande wa u, i na o ni ndugu wa tatizo hili. Zimepangwa bega kwa bega, na kwetu irabu ni sarufi. "Ulikuja" na "ilikuja". "Unafaa" na "inafaa". Nimeandika kando: ngeli. Nitarudi.

8 Mei

Fupi. Q haimo katika alfabeti ya Kiswahili, na kwenye mpangilio huu imekaa juu ya a, herufi tunayoitumia kupita zote. Kwa hiyo q ndani ya neno la Kiswahili ni a iliyokosea njia, au w. Nimeiandika hivyo na makosa mengi yamekwisha kwa mstari mmoja wa msimbo.

X ingekuwa rahisi vivyo hivyo, iko chini ya s, lakini kuna vijana waliolelewa na "xaxa" na "poa xana". Hao hawakuteleza. Halafu wapo wa "cjui", "2taonana", "ww", "mm", waliobana maneno tangu enzi za kuhesabu herufi za meseji na hawakuacha. Kibodi inawaonyesha umbo refu, haiwagusi. Binamu yangu kanishukuru kwa kuandika "axnt".

Kuna aliyependekeza niondoe q na x ili vitufe vingine vipanuke. Nilijaribu. Safu ya juu ikabaki na vitufe tisa, na kila kidole kikakosea, maana mikono imezoea mpangilio uliotokana na mashine za chapa za Sholes wa Marekani miaka ya 1870. Pia nywila na majina ya watu hayaulizi alfabeti yetu. Nimerudisha.

22 Mei

Mjaribu wa Lubumbashi ameandika kwamba kibodi "inamukatala". Ana haki. Simu yake ina AZERTY, mpangilio wa vitufe wa Kifaransa, anachanganya Kiswahili na Kifaransa, na Kiswahili chake kina "banasema" na "banaenda" pale ninaposema wanasema na wanaenda. Kichambuzi changu kilikataa yote.

Nilichojifunza kwake ni kizuri: kwenye AZERTY ya AOSP, m iko kando ya l, mbali na n, na jirani wa n safu ya chini ni alama ya mkato wa juu, kwa sababu Kifaransa kinaihitaji kila wakati. Yaani matatizo yangu mawili makubwa, m na n na ng', yeye hana. Ana lake: a yake iko pembeni juu na q imekaa mahali pa a yetu, kwa hiyo kanuni ya q nimelazimika kuiandika kwa kufuata nafasi za vitufe za kila mpangilio. Viambishi vya ba- na mi- vimewekwa katika kamusi ya "sw-CD", pembeni, visiwachanganye wa pwani.

7 Juni

Kuandika kwa kuburuta kidole bila kukiinua. Wazo ni la Shumin Zhai na Per Ola Kristensson, miaka ya 2003 na 2004, kabla hata ya iPhone. Kwa Kiswahili lina raha na karaha. "Kaka" inavuka kibodi kwenda na kurudi. "Sasa" ni kutikisa kidole mahali pamoja. Na irabu mbili zinazofuatana hazina njia: "kaa", "saa", "taa", "juu" zinachorwa sawa na kama irabu ingekuwa moja. Nimeongeza uzito wa maneno hayo, inatosha kwa sasa. HeliBoard inahitaji maktaba isiyo huria kwa kazi hii, kwa hiyo si kipaumbele changu.

21 Juni

Vipande. Badala ya kupendekeza neno zima, kibodi inapendekeza sehemu inayofuata. Ukiandika "ali", mstari unaonyesha "alini-", "aliku-", "alim-". Ukigusa, hakuna nafasi inayoongezwa, unaendelea: "alim-", kisha "-wambia". Shida ilikuwa hiyo nafasi. Kibodi hizi zimejengwa zikiamini kuwa kila pendekezo ni neno lililokamilika, na imani hiyo imetawanyika katika msimbo wote. Nimeing'oa sehemu moja moja.

Shemeji yangu wa bodaboda, anayeandika kwa dole gumba moja akisubiri abiria, amevipenda. Mwalimu hajavitazama, anasema yeye neno analijua mpaka mwisho.

12 Julai

Ngeli, hatimaye, na hapa ndipo ninapofurahia kazi. Sarufi yetu inatangaza mapema. Aliyeandika "kitabu" ameshaahidi kitu: kinachofuata kinaelekea kuanza na ki, ch au hiki. "Vitabu" inadai vi, vy, hivi. "Gari" inaita li, lake, hili, au kwa wengi wetu mitaani i, yake, hii, na nimeruhusu zote mbili. Kwa hiyo nomino kwenye kamusi zimepewa ngeli, na pendekezo linalopatana nayo linapanda juu.

Hapo ndipo u na i zinapopata suluhisho. "Mti ilianguka": peke yake "ilianguka" ni sahihi, lakini baada ya "mti", na kwa kuwa u na i zinapakana, kibodi inaweka "ulianguka" mbele. "Miti ulianguka" kinyume chake. Haibadilishi yenyewe. Inashindwa pale nomino na kitenzi vinapokuwa mbali: "mti uliopandwa na babu yake Asha mwaka ule" umeshaingiza babu, Asha na mwaka kabla kitenzi hakijafika, na kibodi inakumbuka neno la mwisho tu. Nimejaribu kuifanya ikumbuke zaidi. Simu za bei nafuu zikaanza kukawia, na kibodi inayokawia ni mbaya kuliko isiyojua ngeli. Imebaki neno moja nyuma, pamoja na kuruka "wa", "ya", "cha" na wenzao.

26 Julai

Toleo jipya limekwenda kwa wajaribu wote: kamusi, kichambuzi, vipande na ngeli. Vipande vimezimwa mpaka mtu aviwashe, kwa heshima ya mwalimu.

Yaliyosalia mezani: "amba-" na viungo vyake, ambavyo kichambuzi kinavikubali hata visipolingana na nomino. Majina ya watu, maana "Neema" na "Baraka" na "Furaha" yanaandikwa kwa herufi kubwa au ndogo kutegemea ni nani au ni nini. Na "kwahiyo". Kitabuni ni "kwa hiyo", maneno mawili, lakini wanaoliunganisha ni wengi, wakiwemo wajaribu wangu karibu wote. Mwalimu ameshanipigia kuhusu hilo. Kwa sasa nimeliacha lipite, na "kwa hiyo" inaonekana juu yake.